Mwizi wa Chombo Aliyekuja Kuoa

Jamani, habari hii nilikuwa nimeapa sitaisema, lakini kwa kuwa nusu ya Mji Mkongwe wanaihadithia na kuitia chumvi (wapo wanaosema nilitoka msikitini mbio bila ya kanzu, na si kweli, sikukimbia, na kanzu nilikuwa nayo, kilichonivuka ni kilemba tu), nimeona bora muisikie kwangu mimi niliyeaibika, maana aibu ni yangu na sioni kwa nini wengine waifaidi kuliko mimi.

Naitwa Mahfudh. Kwetu Mkokotoni, ila nimepanga chumba Mbweni, na kazi inayonilisha ni ufundi wa viyoyozi, hasa kwenye mahoteli ya Uroa, maana hewa ya bahari kule inavila viyoyozi kama karanga. Kazi ya pili niliipata kwa bahati tu. Niliitwa kutengeneza kiyoyozi kwenye nyumba moja hapo hapo Mbweni, kumbe ndani watu wanarekodi mchezo wa kusikiliza, ule unaotoka kwenye simu kila Alkhamisi, na mimi nikiwa juu ya ngazi nikaona waya umechunika, nikampigia kelele mwenzangu aliye nje, "Zima! Zima umeme kabla sijafa!" Basi mwenye mchezo wake, Bi Farhat, mwanamke mfupi mwenye haraka zake, akaja mbio akasimama chini ya ngazi akaniuliza, "Hiyo sauti yako au umeazima?" Nikamwambia yangu. Ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa, kwa hofu ya kupigwa shoti.

Kama hamuujui mchezo wenyewe, zamani ukiitwa Merikebu ya Zohali. Ni hadithi ya chombo kilichoondoka Unguja na watu wake, na wake zao, na watoto, na mbegu za mihogo, kikapaa kwenda sayari ya Zohali kutafuta pa kukaa. Nahodha wake akiitwa Nahodha Shaame, mzee wa sauti nzito ya taratibu, kila wakitaka kuondoka mahali husema, "Bismillahi, ng'oeni nanga," (huko juu sijui nanga waliitia wapi, lakini hakuna aliyewahi kuuliza). Mwanzo wake hupigwa udi kidogo, na watu wakisikia udi ule huacha wanachokifanya. Halafu mzee aliyekuwa akisema maneno ya Nahodha akachoka, akaacha, na Bi Farhat na wenzake wakaona ndiyo nafasi ya kuupaka mchezo rangi mpya upate wasikilizaji wapya. Wakauita Obiti Saba. Udi ukatolewa, ukawekwa muziki wa tu-tu-tu-tu. Nahodha Shaame hakutajwa tena, akaja mtu anaitwa Kamanda Zed, na Kamanda Zed ndiye mimi.

Sasa mnisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ilipoanza kila fujo. Hakuna aliyetuambia, si wasikilizaji wala mimi, kama huyu Kamanda ndiye yule yule Nahodha kapewa jina jipya, au ni mtu mwengine kaja kukaa mahali pake. Mimi nilikuwa nikirekodi peke yangu kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu ya kelele (ndiyo, mimi fundi wa viyoyozi, nalowa jasho mpaka viatuni), nasoma maneno yangu tu bila ya kujua namjibu nani. Asubuhi moja nilisema "Mfungieni huyo!" nikavuta pumzi nikasema "Nakupenda kuliko roho yangu," na mpaka leo sijui nani nilimfunga na nani nilimpenda.

Nije kwa Nasra. Nasra alikuwa akikaa ofisini kwenye hoteli moja ya Uroa, na kiyoyozi cha ofisi yake kilikuwa kikiharibika sana, na ukweli mara nyengine kilikuwa hakijaharibika. Tukapendana, ami yangu akapeleka posa, na baba yake, Mzee Khelef, akajibu kwamba hakatai wala hakubali, anataka kwanza kunitazama, kwa hivyo niwe nakwenda kukaa barazani kwake baada ya alasiri. Mnajua maana yake. Unakaa na wazee, unakunywa kahawa, unaulizwa hili na lile, na wewe unadhani mnazungumza kumbe unapimwa.

Baraza la Mzee Khelef ni la mawe, mbele ya mlango wake, katika kichochoro chembamba Mji Mkongwe. Mwenziwe wa kila siku ni Mzee Kombo, fundi wa saa aliyestaafu, mtu mkali kama pilipili mbuzi. Siku niliyofika mara ya kwanza nilikuwa na mafua (ya kweli, wallahi, vumbi la viyoyozi lilinijaa puani) na sauti yangu ilikuwa imekauka, kama ya bata. Ilikuwa Alkhamisi. Nikawakuta wazee wametulia, simu imetiwa ndani ya bakuli la udongo ili sauti itoke kubwa, wanangoja Merikebu yao. Mimi nikijua kwamba siku hiyo inatoka ile mpya. Nikakaa kwenye ukingo, moyo wangu unadunda kwa furaha ya kijinga, nikijisemea leo mkwe atanisikia, atapenda, halafu nitamwambia mzee, ndimi huyo.

Ikatoka tu-tu-tu-tu.

Mzee Khelef akaitoa simu bakulini, akaipangusa kwa pindo la msuli aliouvaa. "Imeingia maji hii?"

"Umefungua vitu vya watu wengine," akasema Mzee Kombo. "Tafuta yetu."

Wakaisoma. Obiti Saba. Wakaangaliana. "Saba?" akauliza Mzee Khelef. "Na hizo sita za mwanzo ziko wapi? Tumepitwa na sita?" (Hizo sita alizitafuta muda mrefu, masikini, akamuuliza kila mtu mwenye simu, na kuna aliyemwambia amezisikiliza na zilikuwa nzuri.) Kabla sijafungua mdomo kumfahamisha, bakuli likanguruma: "Hapa Kamanda Zed. Kuanzia sasa mtanisikiliza mimi."

Muuza kahawa kasimama na dele lake mkononi, kaacha kumimina.

"Nani huyu?" akauliza Mzee Khelef.

"Nahodha yuko wapi?" akauliza Mzee Kombo. "Kamuweka wapi Nahodha? Khelef, huyu kaiba chombo! Huyu mwizi!"

Na kwenye lile kundi lao la simu la wapenzi wa mchezo, ujumbe wa sauti ukawa unaingia juu kwa juu, mmoja analia anauliza Nahodha Shaame kazikwa au vipi, wa pili anauliza Zed ni jina au kipande cha jina, wa tatu kausifu muziki mpya akatukanwa mpaka akatoka kundini. Mimi nimekaa na kikombe changu, nimechanganyikiwa, naangalia huku na huku, na ndipo Mzee Khelef aliponigeukia akaniuliza, "Na wewe mwanangu, wamwonaje huyu?"

Hapo, jamani. Pale pale. Ningesema neno moja tu, "Ndimi," tungecheka, tungekasirikiana kidogo, yangekwisha. Badala yake nikasema kwa ile sauti ya bata, "Simjui, mzee, lakini kaharibu."

Wakafurahi. Mzee Kombo akanisogezea kashata. Na mimi (si mnanijua, nikisifiwa sijui kunyamaza) nikaongeza, nikajipinda na kidole nikainua: "Mtu akishabadilisha jina, akabadilisha na sauti, huyo si yule tena. Ukimpokea, umempokea mgeni."

"Hilo neno," akasema Mzee Khelef. "Huyu kijana ana akili."

Nilimpigia Nasra nikamhadithia, akacheka sana, kisha akaacha kucheka. "Mahfudh, mwambie kesho. Baba mtu wa uongo hamvumilii. Ndugu yake wa tumbo moja hasemi naye kwa uongo mdogo kuliko huo."

"Kesho n'tamwambia."

Kesho yake mafua yakapona. Nilikwenda nikiwa nimejipanga, nimeshayapika maneno yangu, nikakunja kichochoro nikamsikia Mzee Kombo anaisikiliza tena ile sehemu ya mwanzo na kumlaani Kamanda na ukoo wake wote. Sasa mjue kwamba sauti ya Kamanda si sauti niliyoitunga, ni hii hii yangu nikiinyanyua kidogo. Nikafungua mdomo kutoa salamu, na salamu ikatoka imekauka kama jana. Sikuipanga. Ilitoka yenyewe, kwa woga. Na nikishatoa salamu namna hiyo, nitaanzaje tena kusema kama mtu mzima katikati ya mazungumzo?

Basi nikawa mtu wa mafua. Nikasingizia mafua wiki kwa wiki. Mzee Khelef akaniletea tangawizi na asali, kisha habasoda, kisha mafuta ya karafuu nijipake kifuani, kisha kitu cheusi ambacho sikuuliza. Nikanywa vyote. Mwisho akaniweka kando, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, usinifahamu vibaya, lakini siwezi kumpa binti yangu mtu wa kifua bila ya kujua. Nenda ukapige picha." Nikaenda hospitali, mtu mzima asiyeumwa na chochote, nikapigwa picha ya kifua. Daktari akaniambia huna kitu, mbona unasema hivyo? Nikamwambia hata mimi sijui. Picha ile ikapelekwa barazani, wazee wakaishika mmoja baada ya mmoja wakaielekeza juani, Mzee Kombo akaona doa, pakawa na wasiwasi mkubwa, kumbe ni dole lake lina mafuta ya sambusa.

Huku Bi Farhat naye nikamuuliza, kwa kuwa nilishachoka na mimi, "Bi Farhat, huyu Kamanda ndiye Nahodha au ni mwizi?"

"Hatujaamua," akanijibu. "Watu si wanagombana? Wacha wagombane."

Na barazani wakakata shauri wapeleke malalamiko. Wakasema yapelekwe kwa sauti, na mimi nilivyokuwa kijana mwenye kujua simu niishike simu nirekodi, na Mzee Khelef aseme. Akasema vizuri, kwa adabu, akaomba udi urudi na Nahodha aachiwe. Mimi nimeshika simu, nimeitikia kwa kichwa. Siku ya pili niko kwenye magodoro, Bi Farhat ananisikilizisha ujumbe ule ule huku anajifuta machozi ya kicheko. "Tumjibu!" akasema. "Kamanda amjibu mwenyewe, kwa jina! Watu watapenda." Nikamwambia siwezi, nna mafua. Akasema mbona sauti inatoka vizuri? Nilisema nini? Nilisema maneno aliyoniandikia: "Mzee Khelef, hapa Kamanda Zed. Tulia kwenye kiti chako. Chombo kina mwenyewe."

Nilikuwepo barazani jibu lilipofika. Nilikuwa na kikombe cha tangawizi mkononi, mkwe wangu kaninunulia yeye, na bakuli linamwambia atulie kwenye kiti chake. Watu wa kundini wakashangilia, wengine wakamwonea huruma, wengine wakamuuliza kwani mzee una ugomvi gani na Kamanda. Uso wa Mzee Khelef ulibadilika rangi. Hakupiga kelele, na ingekuwa bora angepiga.

Wenziwe walipoondoka tukabaki wawili. Akaizima simu. Akaniambia, "Wataniona mtu mzima hovyo, mimi kushughulika na vitu vya watoto. Mama Nasra alipolala kitandani ile mara ya mwisho, hiki ndicho tulichokuwa tukikisikiliza. Alkhamisi mpaka Alkhamisi. Akiniuliza, Khelef, watafika? N'namwambia, watafika, bibie, ngoja. Kafa hajui kama walifika. Mimi n'nangoja nijue, basi. Sasa hawa wameniondolea sauti aliyokuwa akiisikia, wamemleta huyu hayawani."

Nilitaka kusema. Niliona haya ambayo sijawahi kuona maishani mwangu. Kumwambia ni kumwambia kwamba hayawani kakaa naye, kanywa asali yake, kamsikiliza habari za mkewe. Nikainywa ile tangawizi. Akanipiga bega akasema, "Kifua chako kibovu, lakini moyo wako safi. Mwambie ami yako aje tupange siku."

Nasra nilipomhadithia hakucheka hata kidogo. Akasema, "Haya. Wewe ndiye mwenye koo." Akakata simu.

Siku ya ndoa ikafika. Msikiti wa pale pale mtaani kwao, baada ya alasiri, umejaa, ndugu zangu wamekuja kutoka Mkokotoni, baraza zima limekaa safu ya mbele, na mimi nimevaa kanzu na joho na kilemba nilichofungwa na mtu anayeona kwamba kichwa changu ni kidogo kuliko kilivyo. Vipaza sauti vimefunguliwa ili wanawake nyumbani kwa biarusi nao wasikie. Mimi nikijisemea, ni maneno machache tu Mahfudh, yanong'one, kesho utatafuta namna.

Sheikh akasoma khutba. Mzee Khelef akataka amuoze bintiye kwa mdomo wake mwenyewe, akanishika mkono wa kulia, akasema, "Mahfudh bin Makame, nimekuoza binti yangu Nasra kwa mahari tuliyokubaliana."

Nikajibu kwa ile sauti yangu ya bata. Sheikh akawaangalia mashahidi. Mashahidi wakatikisa vichwa, hawakusikia kitu.

"Bwana harusi, ndoa haifungwi kwa kunong'ona," akasema Sheikh. "Mashahidi lazima wasikie. Rudia."

Nikarudia kwa nguvu zaidi, ikatoka kama pampu ya baiskeli. Watoto wakacheka nyuma. Mzee Khelef akamwambia Sheikh pole pole, "Ana kifua, lakini picha kapiga, hana kitu." Sheikh akanisogezea kipaza sauti mpaka kikanigusa mdomo. "Sema. Kwa sauti. Kama mwanamume anayetaka mke."

Jasho linanitoka chini ya joho, chumba kimejaa, kipaza sauti kiko mdomoni, watu wamenyamaza wananingoja (nambieni nyinyi, pana tofauti gani na kwenye magodoro?), na kabla sijajua nafanya nini nikavuta pumzi kama Bi Farhat alivyonifundisha, nikafungua koo lote:

"Nimekubali kumuoa Nasra binti Khelef, kwa mahari tuliyokubaliana!"

Ikaenda. Ikapita kwenye vipaza sauti, ikazunguka vichochoro vyote, ikarudi. Hata mimi niliisikia ikirudi, Kamanda Zed mwenyewe, anaoa.

Mzee Kombo ndiye aliyeinuka wa kwanza. "Mwizi!" akapiga ukelele. "Mwizi wa chombo! Huyu hapa! Mwizi!"

Sasa nyinyi mnajua, ndani ya msikiti ukisikia mtu anapiga kelele za mwizi, unafikiria nini? Safu zote za nyuma zikainuka kukimbilia viatu. Mmoja akamkamata mwenziwe aliyekuwa ameshika makubadhi yake mwenyewe, wakavutana mlangoni, mwengine akanikanyaga joho, kilemba kikanivuka kikaenda zake. Na ami yangu kutoka Mkokotoni, mtu aliyeishi na vyombo vya baharini maisha yake yote, kasimama katikati anauliza kila anayepita, "Chombo gani kimeibiwa? Cha nani? Mbona sisi hatukuambiwa?"

Mzee Khelef peke yake hakutikisika. Alikuwa bado kanishika mkono. Alinibana vidole mpaka vikauma.

"Ndiye wewe?"

"Naam, mzee."

"Ndiye wewe uliyenambia n'tulie kwenye kiti changu?"

"Naam."

Akauachia mkono. Akamgeukia Sheikh. "Sheikh, mimi binti yangu nimemuoza mtu wa mafua. Huyu simjui."

Sheikh akaniangalia, akamwangalia yeye. "Mtu si ndiye huyu huyu, Khelef?"

"Uso ndio, jina ndilo. Sauti siyo. Na mwenyewe kanisomesha barazani kwangu, mbele ya watu, kwamba mtu akibadilisha sauti si yule tena, ukimpokea umempokea mgeni. Kombo alikuwepo."

"Nilikuwepo," akasema Mzee Kombo.

Sheikh akawatazama mashahidi, mashahidi wakaulizana wao kwa wao kwani ndoa imefungwa au haijafungwa, mmoja anasema imefungwa, kasikia vizuri sana, mwengine anasema imefungwa lakini kwa nani? Mwisho Sheikh akasema, "Khelef, nakuuliza wewe. Umeridhia au hukuridhia?"

Mzee Khelef hakujibu. Na mimi nikamfikiria Nasra, amekaa nyumbani na hina yake mikononi, anakisikia kimya kile kutoka kwenye vipaza sauti, na nikajua kwamba nikimkosa leo sitakuwa nimemkosa kwa sababu ya Bi Farhat wala Mzee Kombo.

Nikasema, "Baba, mafua yalikuwa ya kweli siku ile ya mwanzo tu. Mengine nilikudanganya. Niliogopa kumkosa binti yako. Na uliponihadithia habari za Mama Nasra niliogopa zaidi, kwa sababu nilikwishakupenda wewe pia."

Nilisema bila ya kufikiri, na sauti iliyotoka sikuijua. Haikuwa ya bata, haikuwa ya Kamanda, ilikuwa nyembamba na inayumba.

Mzee Khelef akanikodolea macho. "Na huyu nani tena?"

"Huyu ndiye mimi."

Watu wakaanza kurudi na viatu vyao mikononi wakakaa popote. Mzee Khelef akamwambia Sheikh, "Basi na huyu aseme." Akaunyoosha mkono wake upya, akaanza upya mwanzo mpaka mwisho, na mimi nikajibu kwa sauti ile ile ya kuyumba, haikuwa kubwa, lakini mashahidi walisikia.

"Huyu nimemuoza," akasema Mzee Khelef, na halua ikapitishwa.

Nilipofika kwa Nasra, amefunikwa, wifi na mashoga zake wamejaa chumba kizima wanajizuia kucheka, jambo la kwanza aliloniambia kama mke ni, "Nimeolewa mara ngapi leo?" Kisha akaanza kulia, kwa hasira, si kwa furaha, msije mkaniambia ni furaha. "Nlikwambia, umwambie kesho."

Baba mkwe hakusema nami mpaka wageni walipopungua. Alikuja akakaa karibu yangu, akanisogezea sahani ya pilau, akaniuliza bila ya kuniangalia, "Watafika?"

Yarabi. Nilitamani kumwambia watafika. Ilikuwa rahisi sana, na ingemfurahisha. "Sijui, baba," nikamwambia. "Sisomi ila maneno yangu mwenyewe. Hata wanaoiandika hawajui."

Akaitikia kwa kichwa, akala tonge mbili, akaondoka.

Bi Farhat alitaka kuitumia ile sauti ya msikitini kwenye mchezo, nikamwambia akijaribu viyoyozi vyake atavitengeneza mwenyewe. Kundini bado wanagombana, wapo wanaosema Kamanda akishaoa atatulia, wapo wanaosema ndoa ni hila ya kulificha jambo, na kuna mwanamke mmoja wa Mbweni haamini mpaka leo kwamba mimi na Kamanda ni mtu mmoja, anasema namuiga tu, na vibaya.

Na Mzee Khelef nikimpigia simu, jina langu analiona kabisa kwenye kioo chake, hupokea akauliza, "Nani?"

"Ni mimi, baba."

"Wewe yupi?"

"Mahfudh, mume wa Nasra."

Hapo huisikiliza kwanza ile sauti, na mimi husubiri, kisha husema, "Haya, sema." Kwa hivyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu, mtu akiniuliza namwonaje fulani, na fulani huyo ni mimi, nitasema ni mimi hata kama nimetapakaa mafua usoni, maana kurudia jina langu mwenyewe kila siku kwa mtu niliyekula asali yake kunachosha, na sioni dalili ya mzee kuchoka kuuliza.